Manyoya Nje ya Maji

4 Februari

Kwako shemeji,

Barua imefika. Umesema simu basi, sikio la pili nalo limekwenda. Sawa. Mimi mwenyewe kwenye simu ni mtu wa "ndiyo" na "haya". Tuandikiane. Ila mwandiko wangu ni wa mkono wa kubebea zege, usinicheke.

Umeuliza tangi la samaki la dada yako. Tangi lipo. Lipo palepale chini ya dirisha. Maji yamo. Samaki wanakula. Manyoya yapo.

Kazini tunajenga ghorofa. Mgongo unauma, lakini ndiyo mgongo wenyewe, sina mwingine.

Nyumba iko kimya. Nimezoea.

Ni mimi,
Zege


13 Februari

Shemeji Zege,

Barua yako nimeisoma mara moja, haikuhitaji mara ya pili. Wewe hata kuandika unabana pumzi.

Sasa nisikilize. Mimi ni fundi cherehani. Kitambaa kilichopunjwa nakijua hata kikikunjwa vizuri. Umeandika "maji yamo". Hukuandika yamejaa. Umeandika Manyoya "yapo". Hukuandika yanaota. Hata mti uliokatwa upo, umelala tu.

Nikukumbushe, maana wewe ulikuwa unapita hapo na viatu vya tope bila kuangalia. Ule mmea wa majini tuliuita Manyoya, mimi na marehemu dada, kwa sababu majani yake yamechanikachanika kama manyoya ya kuku. Tuligawana shina moja. Yeye akaotesha kwenye tangi lake, mimi kwenye mtungi wangu wa kioo. Nilipokuja kwenu kumuuguza, mtungi ukabaki peke yake, Manyoya yangu yakafa. Sijuti, dada ni dada. Lakini ina maana yaliyobaki duniani ya mkono wake ni hayo yaliyo kwako, kwa mwanaume ambaye dada alimkataza hata kuyapulizia.

Na ule ubishi wetu unaukumbuka? Kila nikija alinivuta mpaka kwenye tangi. "Huu utatoa ua, mtaona." Nami namwambia, dada, huu hauna ua, ungekuwa nalo tungeshaliona. Tumebishana miaka mpaka amekwenda. Ua halikutoka. Nimeshinda mimi, na ushindi wenyewe hauna utamu.

Basi niambie kweli. Kama huwezi, sema huwezi, si aibu. Nitakuja na ndoo na mashuka nichukue tangi, mimea, samaki na meza yake. Meza ile alinunua baba yetu.

Mimi shemeji yako,
fundi


22 Februari

Shemeji,

Umenishika.

Kioo kimepasuka. Upepo ulibamiza dirisha, plasta ya pembeni ikaachia, ikaangukia tangi. Plasta nilipiga mwenyewe. Mfuniko wa kioo umesagika wote. Ufa umetoka juu umeshuka mpaka karibu na mchanga. Maji yalitoka mpaka nje ya mlango. Jirani akaja kuuliza leo kuna nini, Zege anapiga deki.

Samaki nimewatia kwenye karai. Karai jipya, halijaguswa na saruji. Wanaishi.

Fundi vioo amekuja. Amesema kioo cha zamani, ukikinyanyua kinaachana vipande. Gundi anayo, lakini inataka tangi likauke kabisa, siku nyingi. Nikamuuliza, na mimea? Akasema mimea ni majani tu mzee, utapata mengine. Nikamfungulia mlango akaenda.

Sasa maji ni vidole vinne juu ya mchanga, chini ya ufa. Manyoya yote yamebaki hewani. Hayajui kusimama. Maisha yao yote maji yameyabeba. Yamelala juu ya mchanga kama nguo zilizolowa. Siku ile kufika jioni ncha zilianza kukauka.

Nilikaa nikayaangalia. Mimea siijui. Najua zege. Zege likimwagwa leo haliachiwi jua. Unalifunika magunia mabichi, juu nailoni, unalimwagia asubuhi na jioni mpaka likaze. Ukiliacha wazi linapasuka. Watu wanadhani zege linataka kukauka. Zege linataka kunyweshwa.

Basi nimefunika tangi na nailoni ya saiti. Nimechukua chupa ya soda, nikatoboa kizibo kwa msumari. Asubuhi kabla ya kazi nanyunyiza. Jioni kabla ya kula nanyunyiza.

Sikukuambia kwa sababu ungekuja kuchukua. Usije kwanza. Nipe nafasi.

Zege


2 Machi

Shemeji,

Nimelia, halafu nikacheka, halafu nikalia tena, mteja akadhani suruali yake nimeiunguza na pasi.

Umefunika mmea wa dada yangu kama sakafu ya ghorofa. Subhana. Ungeweka na nondo.

Sikiliza. Kitambaa kibichi ukikifunika siku nyingi kinapata ukungu. Mmea nao ni hivyo hivyo. Fungua pembe moja ya nailoni, hewa iingie kidogo. Kesho kidogo zaidi. Hayo ndiyo ninayoyajua mimi, mengine yote aliyajua yeye.

Sasa hivi nina sare za shule mpaka darini, siwezi kutoka. Nakupa muda mpaka nizimalize. Nikija nikakuta Manyoya hai, tutaongea. Nikikuta uozo, nabeba kilichobaki nikajaribu mwenyewe, na meza nabeba, na wewe utaangalia ukuta wako uliopiga plasta.

Usinifiche tena kitu. Wewe kusema uongo hujui, unaandika kwa kifupi zaidi.

Fundi


17 Machi

Shemeji,

Sifichi.

Manyoya yote yameanguka. Yamekuwa kama karatasi iliyolowa, nimeyaokota kwa vidole. Vimebaki vijiti vitupu. Ukungu ulikuja kama ulivyosema. Nimefungua pembe, umeisha.

Niliendelea kumwagilia vijiti. Kule saiti wamejua. Jirani ana mdomo. Sasa hawaniiti Zege, wananiita Bwana Maua. Mmoja ameniuliza kama usiku naviimbia. Nimemwambia aje asikie, aniletee na mke wake.

Halafu juzi nimeona kitu kijani. Nilitaka kuking'oa, nikadhani gugu limeingia na upepo. Si manyoya. Ni jani zima, la mviringo kama yai, kingo zake zina meno kama msumeno mdogo. Gumu. Linasimama lenyewe. Ukilisugua linanukia. Nikalifuata kwa kidole mpaka chini nione mzizi wake uko wapi. Hauna mzizi wake. Limetoka kwenye kijiti cha dada yako. Leo yametoka mengine, kwenye vijiti karibu vyote.

Nakutumia tawi moja. Nimelifunga gazeti bichi, nikalitia kwenye nailoni. Dereva wa lori la saruji anapita kwenu. Ni mtu mwaminifu ila anaongea sana, usimkaribishe ndani.

Zege


25 Machi

Shemeji Zege,

Dereva wako amefika, ameongea mpaka chai imepoa, ameondoka. Tawi nimelipokea.

Nitasema taratibu kwa sababu nakuheshimu. Hili silo. Miaka mingapi nimeyachambua Manyoya kwa vidole hivi? Jani la Manyoya ni uzi, ni lesi. Hili ni jani la bustanini. Nimemwonyesha mama anayeuza miche hapa mbele ya duka langu, akasema yeye huyang'oa ya namna hii kwenye mfereji.

Naelewa. Vya dada vimekufa, ukaona aibu, ukachimba kitu kijani pembeni ya barabara ukakichomeka. Au umenunua. Mtu mwenye uchungu hufanya hivyo. Lakini usinichezee shere mimi, Zege. Ungeniambia vimekufa tungelia wote yakaisha.

Hata hivyo sitaki kusema nimekuhukumu bila kukupima. Manyoya ni mmea wa ndani ya maji. Sivyo? Basi hilo tawi lako nimelifunga kwenye bobini ya chuma ya cherehani na nimelizamisha kwenye mtungi wangu wa zamani, uko dirishani na maji matupu. Kama ni la dada, litaishi humo. Likioza, nimejua.

Fundi


1 Aprili

Shemeji,

Sijanunua kitu. Sijachimba barabara.

Saiti mtu akiniita mvivu namwacha. Akiniita mwongo simwachi. Wewe nakuacha kwa ajili ya dada yako.

Hilo tawi lako litaoza. Nakuambia mapema. Langu nalo lilioza lilipotoka majini. Lako limetoka hewani limeingia majini, nalo litavua nguo kwanza.

Maji usimwage. Ngoja.

Zege


12 Aprili

Shemeji,

Limeoza. Majani yote yameteleza, yameshuka chini, mtungi unanuka. Kimebaki kijiti kwenye bobini.

Unaniambia ningoje. Ningoje nini? Wewe ndiye uliyetabiri litaoza, na kweli limeoza. Hata mganga wa uongo hutabiri hivyo.

Sina hasira tena, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Nimewaza nikaona, huyu ni mwanaume mmoja, kachoka na kazi, nyumba imepoa, anamwagilia magugu ya mfereji anadhani ni mke wake. Mimi ndiye mwenye makosa. Ningechukua tangi siku ile ile ya mazishi.

Sare zimeisha. Nakuja Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao. Nimeongea na mwenye mkokoteni wa huko kwenu. Nitachimba kwenye mchanga wenyewe nitafute hata kizizi cha kweli, na meza naondoka nayo, na vioo vitakavyosalimika. Usinipikie, sitakaa.

Maji ya mtungi sijamwaga. Si kwa ajili yako. Ni uvivu.

Fundi


16 Aprili

Shemeji,

Njoo. Mlango haufungwi kwa ajili yako.

Nitakuambia utakachokikuta, usije ukashtuka. Nailoni nimeitoa. Niliitoa kidogo kidogo kama ulivyosema, sasa haipo. Tangi liko wazi juu. Mimea imepita ukingo wa kioo. Imefika kwenye kitasa cha dirisha. Inasimama bila kushikwa na kitu. Upepo ukiingia inatikisika yote pamoja, halafu inarudi. Karai la samaki nimeliweka chini yake, wanakaa kivulini.

Watu wanaopita nje wanasimama. Mwanzo nilidhani wana shida na mimi.

Zamani nikitoka kazini nilikuwa nakaa kitandani na viatu. Sasa navua viatu mlangoni. Dada yako alinipigia kelele za viatu miaka yote. Nadhani ananiona.

Nimesema sijakudanganya, sisemi tena. Ukichukua, chukua. Mkono uwe wako, usimpe mwenye mkokoteni. Naomba kitu kimoja. Sijawahi kukuomba kitu. Niachie shina moja. Hata hilo unaloliita gugu.

Kwenye kwapa la majani ya juu pana vitu vidogo vigumu vimejikunja. Labda majani mengine. Sijui.

Zege


22 Aprili

Shemeji yangu,

Kaa kwanza. Kama una chupa yako ya soda mkononi, iweke chini.

Leo asubuhi nimechukua mtungi niumwage, niuoshe, niufunge nije nao. Nimeutoa mlangoni, nimeuinamisha, maji yameanza kutoka, jua likaupiga. Nikaona kile kijiti hakijawa cheusi. Kijani kabisa. Nikausimamisha mtungi haraka mpaka nikajimwagia. Juu ya bobini, kwenye fundo lilelile lililoangusha jani la mviringo, pametokea kitu kama uzi. Nikaenda kuvaa miwani. Nikarudi. Nikavua miwani nikaifuta, nikavaa tena.

Zege, limechanika. Jani limechanikachanika. Ni uzi, ni lesi, ni manyoya ya kuku. Upande wa pili kuna jingine. Chini yake, kwenye kijiti hicho hicho, bado kimening'inia kipande cha lile jani lako la mviringo, hakijaanguka chote. Kijiti kimoja, shemeji. Kimevaa nguo mbili.

Nimemwita yule mama wa miche. Ameangalia, akasema hata yeye leo amesoma. Nikamwambia kasome na mfereji wako.

Kumbe ndivyo ulivyo. Ndani ya maji unavaa manyoya, nje unavaa koti. Sisi tuliujua wa ndani tu, kwa hiyo tukadhani hauna nguo nyingine.

Nilikuita tapeli. Nikaandika kwa wino, na wino haufutiki. Kitambaa ukikikata vibaya hakirudi, hilo nawaambia wanafunzi wangu kila siku. Lakini shemeji si kitambaa, nadhani anashoneka. Nisamehe.

Mkokoteni nimeukataza. Meza ni yako, baba angekupa mwenyewe angekuona. Tangi ni lako. Unaniomba shina moja, wewe ndiye uliyenipa mimi shina, na nilikuwa sina hata moja.

Sasa hivyo vitu vigumu kwenye kwapa la majani ni nini? Usiniambie "sijui" tena. Angalia vizuri, uniandikie upesi.

Shemeji yako mwenye haya,
fundi


26 Aprili

Shemeji,

Barua hii ni ndefu. Nivumilie.

Nimesamehe tangu ulipoandika "kaa kwanza". Nilikaa kweli.

Vitu vile nimeviangalia. Jana vilikuwa vimefunga. Leo nimetoka kazini, nimevua viatu, nimechukua chupa ninyunyize. Nimeiweka chini. Kwenye shina la juu kabisa, pembeni ya jani, pana ua.

Ni dogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Zambarau iliyopauka, kama sare iliyofuliwa mara nyingi. Lina mdomo, mdomo wa chini umetoka kama wa mtu anayebisha. Nimeenda kunawa mikono, sabuni mara mbili, saruji iko kwenye mistari haitoki. Nimerudi. Sikuligusa.

Nikatoka nje nikamwita jirani. Mimi, mtu wa "ndiyo" na "haya", nimesimama barabarani nimeita watu. Jirani amekuja na kijiko mkononi. Wamekuja wa saiti, waliokuwa wanapita kurudi makwao, na viatu vya tope. Nimewaambia vueni. Wamevua, shemeji. Wamepanga viatu mlangoni wakaingia mmoja mmoja. Yule aliyeniuliza kama naviimbia ameinama mpaka pua karibu iguse, akasema, "Bwana Maua, kumbe ni kweli." Hilo jina sasa sikatai. Msimamizi wetu amevua kofia yake ya kazi. Hata saiti akija mkubwa havui.

Fundi vioo naye amepita. Ameangalia ua, ameangalia ufa. Hakusema ni majani tu.

Wameondoka wote nikabaki nimesimama. Nikaelewa kitu. Miaka yote tangi lilikuwa limejaa mpaka juu, na mfuniko juu yake. Dada yako alilijaza kwa mapenzi. Alipunguza samaki, alibadilisha mchanga, alisogeza meza kwenye jua, alisubiri. Ua lilikuwa halitaki hayo. Lilitaka kutoa kichwa nje. Kioo kisingepasuka tusingeliona mpaka tunakufa.

Lakini alisema litatoka. Hakujua njia, alijua jambo. "Huu utatoa ua, mtaona." Alisema mtaona. Hakusema nitaona.

Usiniulize kama nimelia. Saruji iliingia machoni.

Machipukizi mengine ya maua yapo, nimeyaona mengi, sijayahesabu. Njoo kabla ua la kwanza halijaanguka. Nitakukatia mashina unayotaka, ya kuzamisha na ya kusimamisha. Nitapika. Utakaa.

Zege,
wanaoniita Bwana Maua


30 Aprili

Shemeji,

Barua imefika. Leo mimi ndiye wa maneno machache.

Nakuja Jumamosi ileile. Ndoo siji nayo. Mashuka siji nayo. Viatu nitavua mlangoni.

Weka kiti mbele ya tangi. Naja kushindwa ubishi.

Mdogo wake